Tunda la Miba Mitatu

Hadithi iko mlangoni.

Ifungulie iingie.

Ina miguu?

Ina miguu, ina na mdomo.

Basi sogeeni. Hapo kale, kale sana, palikuwa na jabali walimokaa pimbi, kila mmoja na pango lake. Juu ya jabali walikaa nyuki, nao ndio waliokuwa askari wa wote.

Pimbi akiumizwa, hakupiga kelele. Alirusha nje tunda la miba mitatu. Nyuki wakiinusa ile miba mitatu, hasira zinawapanda, wanashuka, wanachoma kila kinachotikisika.

Vita vikiisha walikuja kindi wawili, mtu na dada yake, Bi Tangu na Bi Hatima. Bi Tangu aling'oa mwiba wa kwanza, akang'oa wa pili. Bi Hatima aling'oa wa tatu. Tunda likabaki tupu, tamu ajabu, na nyuki wakilionja tu, wanalegea, wanasinzia. Bila hivyo wangewachoma hata wenye nyumba. Kwa hiyo kindi waliheshimiwa sana, na desturi yao ilikuwa moja: popote walipotandikiwa mkeka, waliketi wakang'oa miba. Hawakuuliza.

Sasa pimbi mmoja, jina lake Tele, akaanza kula. Alikula asubuhi, akala mchana, akala katikati ya kula. Akanenepa mpaka pango likamjaa, akawa anasukuma kuta.

Jirani yake alikuwa Mwanaidi, mzazi, mtoto wake Sijali hajatimiza hata siku arobaini. Mwanaidi akaona ukuta unamjia, jana shubiri moja, leo shubiri mbili, akaona kesho utafika pale pale mtoto anapolala, na mlango nao umeshazibwa na tumbo la jirani, imebaki nafasi ya kupenya kwa ubavu tu. Akamwomba Tele ajikunje kidogo. Tele akamjibu kwamba yeye ni mtu wa humu humu, nyuki wanamjua tangu anazaliwa, sasa afukuzwe kwa kosa gani, la kushiba?

Mwanaidi akarusha tunda. Nyuki wakashuka, vuuu.

Lakini Tele alikuwa ametandika mkeka mlangoni kwake, kindi wameshaketi, anawapepea, anawaita shangazi zangu. Bi Tangu ng'oa, ng'oa. Bi Hatima ng'oa. Nyuki wakafika, wakaonja, wakalala.

Mwanaidi akarusha la pili, kubwa kuliko la kwanza. Bi Tangu ng'oa, ng'oa. Bi Hatima ng'oa. Nyuki wakalala juu ya tumbo la Tele kama wako kwenye godoro. Tele akacheka, na alivyocheka ukuta ukatikisika, jiwe likadondoka karibu na kichwa cha Sijali.

Limebaki tunda moja. Mwanaidi akalibana kwapani, akambeba mtoto, akapenya kwa ubavu, akaenda kupiga magoti mbele ya Bi Hatima. Alitaka kumsihi, alitaka kumweleza yote, ukuta, jiwe, shubiri, lakini kwa woga akatoa shikamoo tatu mfululizo kisha maneno yote yakamkimbia. Bi Hatima akamuuliza ana nini. Likamtoka neno ambalo hata yeye hakulijua mpaka alipokwisha kulisema.

"Shangazi, nishikie mtoto kidogo, nakuja sasa hivi."

Na mtoto mchanga, ukishapewa umshike, humweki chini mpaka mama yake arudi. Bi Hatima akampakata.

Mwanaidi, mikono mitupu, akarudi nyuma hatua tatu, akamlenga Tele kwa tunda la mwisho. Pu, tumboni. Bi Tangu ng'oa, ng'oa, akampa dada yake.

"Pokea."

"Nipokee kwa mkono upi? Huoni nimepakata?"

"Si umweke chini?"

"Mtoto wa watu nimweke chini? Na ameshanikojolea huyu, hebu nitafutie kitambaa."

Basi mwiba wa tatu ukabaki. Utamu hakuna. Nyuki waliolala tumboni wakaunusa, usingizi ukawatoka mmoja mmoja, wakangoja waonje, wapi. Tele akasema jamani, mimi si wa humu humu? Mkuu wa nyuki akamtazama, akautazama ukuta.

"Wa humu hasukumi wenzake."

Wakamchoma. Tele alilizunguka jabali mara tatu, na kila mzunguko anapungua, mpaka akawa pimbi wa kawaida, amevimba pua tu. Mwanaidi akaupokea mzigo wake, umelowa, unacheka. Hapo, vita vimekwisha, Bi Hatima akang'oa mwiba wa mwisho, nyuki wakaonja, wakarudi juu kulala. Pimbi wakacheza ngoma hadi miguu ikawauma, na Mwanaidi ndiye aliyekuwa mbele.

Tangu siku hiyo kindi, kabla ya kuketi kwenye mkeka wa mtu, huuliza kwanza kama vita vimekwisha.

Funzo lake ni hili: kutuliza ni kazi njema, lakini ina wakati wake. Anayekubembeleza ulale wakati bado unaumia, tazama kwanza amekalia mkeka wa nani.

Nami hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka ajitwike.