Ngoja Tope Likauke

Wewe unayetabasamu huko nyuma, tabasamu tu. Ukisikia jangwani kunaota maua unasema bibi yako huyu kachanganyikiwa. Mbinguni umewahi kufika? Mbona unapaimba kila Jumapili?

Basi sikilizeni. Kulikuwa na mama mmoja aliyekaa na binti yake pembezoni mwa jangwa, kwenye nyumba ya mabati. Mvua huko hukawia miaka. Ikinyesha, ardhi iliyokuwa kama kigae huvaa maua, manjano na zambarau, kisha jua huyala. Mama yule macho yalikuwa yanafifia. Alichobakiza kukitamani duniani ni hayo maua, ayaone mara moja tena.

Mvua ikanyesha. Maua yakatoka.

"Nipeleke, mwanangu, ningali naona kidogo."

"Mama nawe! Uteleze uvunjike kiuno, nikubebe mgongoni kama mtoto? Ngoja tope likauke."

"Mimi nilikubeba, sikufa."

"Ngoja, mama."

Akangoja. Nanyi mnajua, au hamjui? Lile tope ndilo maziwa ya yale maua. Likikauka, nayo yamekwisha.

Njia ilipokauka, binti akamshika mama yake mkono mpaka uwandani. Hakukuwa na kitu, vijiti vikavu tu. Binti akayatazama yale macho yenye ukungu, akaona heri adanganye.

"Umeyaona, mama? Manjano matupu, mpaka kule mlimani!"

Mama akatega sikio. "Mazuri," akasema. "Na nyuki wake wako wapi?"

Binti akamgeuza mama yake, akamrudisha nyumbani. Wewe ungemjibu nini?

Sisi ndio hao. Mtu tunampenda, lakini tunamngojesha mpaka njia iwe rahisi kwetu, na kuchelewa huko tunakuita huruma. Halafu tunampelekea maneno matamu mahali pa kile alichoomba. Mgonjwa anataka ukae naye kitandani. Wewe unamtumia salamu. Usiniangalie hivyo, unajijua.

Mvua ilirudi, lakini macho hayakuingoja. Mama alikuwa kipofu kabisa siku aliposikia nyuki wakipita juu ya bati kuelekea uwandani. Akapapasa fimbo yake, akaipata.

"Mama, tope!" binti akalia. "Na kuona huoni!"

"Aliyeogopa tope ni wewe," mama akasema. Akatoka, akaufunga mlango.