Mashine Iliyoomba Kusindikizwa

Mwanamke mmoja alikuwa na kazi ambayo haijakamilika, na hakuona haya kusema kwamba haijakamilika. Jina lake Atupele. Alikuwa fundi wa kompyuta, na yeye na wenzake wachache walikuwa wametengeneza mfumo endeshi. Naona wengine mmeanza kunitazama kama mnaouliza mwalimu anatupeleka wapi leo, kwa hiyo nieleze. Mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta asubuhi na kuzipangia programu nyingine kazi. Bila huo, kompyuta ni sanduku la kuwekea kikombe cha chai. Wao waliuita Jamvi, kwa kuwa mengine yote hukaa juu yake.

Jamvi lilikuwa la bure, tena lilikuwa wazi. Wazi maana yake yeyote mwenye ujuzi aliweza kulifunua, kuona lilivyosukwa, kukaza ukili uliolegea, kisha akampa jirani naye alitumie. Atupele hakuficha kitu. Alipokaribia kumaliza alitoa kwanza toleo la majaribio, na ukiwasha kompyuta maneno ya kwanza kwenye kioo yalikuwa haya: "Hili ni la kujaribiwa. Likikosea, tuambie." Akawapa watu wachache. Karani wa ushirika wa chai alipata, mwenye duka la pembejeo alipata, mwalimu wa kwaya alipata, na nesi wa zahanati iliyo mbali kuliko zote, huko juu ambako mvua hainyamazi na umeme hukatika bila kuaga, naye akapata.

Hapo zahanati ndipo penye uzito wa habari hii, kwa hiyo pashikeni. Nesi yule, Tusekile, alikuwa akiingiza kwenye kompyuta jina la kila mgonjwa pamoja na dawa ambayo mwili wake haupokei. Kulikuwa na mchuma chai aitwaye Subilaga. Sindano ya penisilini, ambayo mimi na wewe tunachomwa na kwenda zetu, yeye ingemfunga kifua na kumuua kabla hajafika mlangoni. Kazi ya mashine ilikuwa kumkumbuka Subilaga, awepo nesi anayemjua au asiwepo. Na mwezi uliofuata toleo kamili la Jamvi lilikuwa lipelekwe kwenye zahanati zote za tarafa, na kila zahanati ina Subilaga wake.

Wiki zikapita. Atupele akawapigia simu mmoja mmoja kuuliza Jamvi linaendeleaje. Karani akasema zuri tu. Mwenye duka akasema zuri sana, mmetusaidia. Mwalimu wa kwaya akasema zuri, akamuuliza na hali ya mama yake. Nesi naye akasema zuri, mwanangu, tunashukuru. Mwenzake mmoja, Ambilikile, ambaye alikuwa na haraka ya kuliona toleo kamili limetoka, akapiga makofi. "Watu wamesema zuri," akamwambia. "Unataka waseme nini tena, waimbe?"

Sasa jamani, sisi tunajijua. Mkute mtu amelazwa, mguu umefungwa bandeji hadi kiunoni, umwulize habari, atakujibu nini? Nzuri. Ndivyo tulivyolelewa, nami sisemi ni vibaya. Neno lile la kwanza ni la adabu, ni la kufungulia mlango tu. Habari yenyewe huja baadaye, ukiwa umeshakaa na kunywa kitu. Na ile nzito kabisa haiji hata hapo. Inangoja mgeni aage, mwenyeji ainuke amsindikize. Njiani ndiko tunakosemea ya moyoni, kwa sababu tunatembea bega kwa bega na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Atupele aliyajua haya tangu utotoni, ila kazi ya kompyuta ilikuwa imemsahaulisha. Alipiga simu, na simu ikishakatwa hakuna wa kuisindikiza.

Hata hivyo hakuwa na raha. Mama yake alikuwa amepika maandazi maisha yake yote, na bado hayakuwahi kutoka yote sawa. Ingekuwaje kazi ya mara ya kwanza isiwe na hata kasoro moja? Ambilikile alimwambia anajitafutia ugonjwa. Yeye akapanda basi, akashuka mwisho wa barabara, akaimaliza safari kwa miguu mpaka zahanati.

Tusekile alimpokea kwa furaha ya kweli. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, vua viatu hivyo vina tope. Kulikuwa na chai ya maziwa na magimbi ya kuchemsha. Atupele akauliza habari za Jamvi, nesi akasema ni zuri, Mungu awabariki. Wakaiwasha kompyuta. Siku hiyo umeme ulikuwepo, kila kitu kikaenda sawasawa, na lilipotafutwa jina la Subilaga likatokea pale pale na onyo lake kwa herufi nyekundu. Atupele akajiona mjinga kwa mashaka yake. Akamaliza chai, akaaga.

Tusekile akajitanda kitenge akatoka naye. Wakapita mashamba ya chai wakizungumza mvua na wajukuu. Wakafika kwenye daraja la miti, ambapo wenyeji wa upande ule humwacha mgeni na kugeuka. Nesi hakugeuka. Alishika ubao wa daraja, akatazama maji, akasema, "Mwanangu, ile mashine yako ni nzuri, lakini umeme ukikatika inasahau watu."

Atupele alimuuliza ni watu gani. Ni wale wa mwisho, nesi akamjibu, wale ambao ametoka kuwaandika. Umeme ukirudi hawapo, kana kwamba hawakuwahi kufika. Yeye amekuwa akiwakumbuka kwa kichwa na kuwaandika tena. Hata Subilaga alishafutika mara moja, akamrudisha, kwa kuwa alimsikia kwa masikio yake mwenyewe akieleza ugonjwa wake.

"Mbona kwenye simu hukuniambia, mama?"

"Umetupa bure. Mtu akikupa zawadi, utamwambia ina tundu?" Kisha akasema lile lililokuwa likimnyima usingizi: mwezi ujao anakwenda likizo, na nesi wa kushika nafasi yake anatoka mbali, hamjui mtu hata mmoja pale.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Kasoro ile ilitoka mahali ambapo Atupele alipapenda kuliko pote. Kompyuta za zahanati zilikuwa kuukuu, na ili diski zake zisichoke haraka, yeye alilifundisha Jamvi lishike majina mapya kichwani kwanza, liyaandike mahali pa kudumu baadaye, polepole. Alisifiwa sana kwa hilo. Na yeye na wenzake hawakuliona kosa, kwa sababu walifanyia kazi kwenye laptopu zenye betri. Umeme ukikatika, wao waliendelea tu. Kwa hiyo maneno ya kujitetea alikuwa nayo, mengi, ya kutosha hadi jioni. Aliona aibu, tena aliona hasira kidogo. Lakini juu ya hayo yote ikamjia furaha ambayo hakuitegemea, ya mtu aliyepekua nyumba nzima akitafuta ufunguo na sasa ameonyeshwa ulipo. Akamshika nesi mkono, wakarudi pamoja njia ile ile. Basi likamwacha.

Huko zahanati Atupele akaandika jina la kubuni. Tusekile akashusha swichi kubwa ya ukutani, wakangoja, akaipandisha. Jina halikuwepo. Nesi akainamisha uso kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, lakini Atupele alicheka kwa sauti na kumwomba ashushe tena.

Aliporudi mjini, Ambilikile alitaka walirekebishe kimyakimya. Aliogopa watu watasema wameshindwa. Simlaumu sana, maana kati yetu nani hajawahi kupaka rangi juu ya ufa? Atupele alikataa. Alitangaza mbele ya wote waliopewa Jamvi kwamba linasahau watu umeme ukikatika, na kwamba sehemu iliyokosea aliisuka yeye. Ndipo vinywa vilipofunguka. Karani alikuwa ameliona kosa lile lile. Mwenye duka alikuwa ameliona. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameliona na alikuwa akiliombea. Wote walimwonea huruma mtoto wa watu, wakamwacha atumbukie.

Na kwa kuwa Jamvi lilikuwa wazi, fundi mmoja wa nchi jirani, ambaye Atupele hajawahi kumwona hadi leo, alilisoma tangazo lile, akalifunua Jamvi mwenyewe, akaona palipolegea, akatuma marekebisho. Tangu hapo jina likiingizwa linaandikwa mahali pa kudumu papo hapo. Diski inachoka kidogo, na iache ichoke.

Toleo kamili likaahirishwa, likatoka toleo jipya la majaribio. Ndani yake Atupele aliongeza jambo moja kwa mkono wake. Yale maneno ya kuomba waambiwe aliyaondoa mwanzoni, kwa kuwa alishajua kwamba asubuhi kila mtu ni mzima na kila kitu ni kizuri. Akayahamishia mwisho. Sasa ukiizima kompyuta jioni, kabla haijalala inakuandikia hivi: "Naondoka. Nisindikize kidogo. Leo nimekukera wapi?" Watu walicheka walipoyaona. Kisha wakaandika. Waliandika ya herufi ndogo zisizosomeka, ya mashine kuchelewa kuamka siku za baridi, na mengine ambayo Ambilikile alikuna kichwa akishangaa yalikuwa yamejificha wapi. Wa kwanza kuandika alikuwa Tusekile, na hakuanza na neno zuri.

Nesi huyo alilijaribu toleo jipya kwa namna yake. Kila alipopata nafasi alishusha ile swichi ya ukutani, akaipandisha, akatazama nani amesahauliwa. Hakuna aliyesahauliwa. Siku ya kuanza likizo alimaliza kuingiza majina yote upya, la Subilaga likiwa la mwisho, na hajanyanyua kidole, umeme ukakatika. Zamani angevua kitenge na kungoja urudi. Safari hii alichukua begi lake akaondoka.

Umeme ulirudi kesho yake, na mvua juu yake. Subilaga akaletwa amebebwa, mguu umeoza kwa kidonda, homa imempanda hata hawezi kutaja jina la mama yake. Waliomleta walijua jina lake tu. Nesi mgeni alikuwa ameshaandaa sindano, ile ambayo nesi yeyote angeiandaa. Akaandika jina kwenye kompyuta kwa kutimiza utaratibu, na herufi nyekundu zikamjaa machoni. Akaiweka sindano chini, akafungua kabati la dawa nyingine. Subilaga yuko hai, anachuma chai, na sidhani kama anajua kwamba uhai wake ulianzia kwenye neno lililosemwa darajani.

Mfano wangu umeishia hapo. Ninyi kila Jumapili nikisimama mlangoni mnanishika mkono na kuniambia, mahubiri mazuri, mwalimu. Nashukuru, na neno hilo nalipokea kwa adabu yake. Lakini mimi na ninyi na kanisa hili bado tu toleo la majaribio, na sioni haya kusema hivyo. Huenda hapa kwetu kuna mtu tunamsahau kila mara giza likiingia, na mmoja wenu anamjua na ananionea huruma. Leo sikuja na pikipiki. Ninarudi kwa miguu, na njia yangu inapita darajani. Ni nani atakayenisindikiza?