Sange na Maua ya Mchangani

Hapo zamani za kale, wanangu, Kiboko aliishi nchi kavu na alilima kama wenzake. Shamba lake lilikuwa la udongo mweusi kando ya mto. La Tembo lilipakana nalo. Sange, mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, alipewa kilichobaki: kipande cha mchanga karibu na bahari, kilichopakana na Kiboko upande wa pili, nusu yake chini ya kivuli cha mti wa mkungu.

Mwaka huo Mzee Nyati, mgawaji wa mashamba, alikuwa anamwoza binti yake. Akatangaza:

"Baada ya miezi mitatu nitapita kila bustani kuchuma maua ya bibi harusi. Bustani isiyo na ua hata moja, nampa jirani."

Kesho yake Kiboko na Tembo walifika kwa Sange. Kiboko hakubisha hodi. Alijilaza mchangani, puu, akajinyoosha.

"Natosha," alimwambia Tembo. "Hapa nitakuwa naota jua."

Sange alisikia. Alikuwa ameinama, anachomeka vipande vya mmea ardhini.

"Shikamoo, mjomba," alimwambia Tembo.

"Marahaba. Mjomba kwa upande gani?"

"Upande wa pua."

Kiboko alicheka mpaka mchanga ukaruka. "Na hayo majani ni nini?"

"Mlakasa. Ule unaotambaa ufukweni, wenye maua ya zambarau."

"Bi Sange, wenzio wanapanda waridi, wewe unaokota magugu ya pwani."

Sange aliwatazama. Kuwafukuza hakuweza. Mkungu nao hakuweza kuukata, na mlakasa ukikaa kivulini hautoi ua. Akashusha pumzi.

"Ndiyo maana silali, bwana. Mmea wenyewe dhaifu huu. Bila kivuli cha mkungu ule, utaungua wote."

Kiboko alimtazama Tembo. Tembo aliutazama mkungu.

Siku ya pili Tembo aliukumbatia mkungu kwa mkonga wake. Krrr, krrr, puu. Jua likamwagika bustani nzima.

"Upepo," Tembo alieleza, ingawa siku hiyo upepo haukuvuma.

"Mjomba, umenimaliza," Sange alilia. "Basi nimebakiwa na samadi na mtungi wa maji. Mlakasa bila samadi na maji, hauchanui."

Kiboko alibeba samadi yote, akachukua na mtungi. Kwa kuwa waridi lake lilikuwa limeliwa na wadudu, alichuma pia vipande vya mlakasa, akavipanda kwake. Kila asubuhi alivimwagia maji, chwaa, na kuongeza samadi. Majani yakawa mapana kama sinia.

"Njoo uone mlakasa uliotunzwa," alimwita Sange.

"Hongera, bwana. Kwangu ni mashina tu yanatambaa. Sasa naomba Mungu asipite mtu mzito akayafukia mchangani."

Kiboko hakungoja hata chakula cha mchana. Alipita bustani ya Sange kutoka mwanzo mpaka mwisho, ti, ti, ti, akarudi tena. Mashina yakazama mchangani. Sange alijifunika uso kwa mikono. Mabega yalimtikisika. Kiboko alidhani analia.

Kumbe kila fundo la shina lililofukiwa lilitoa mizizi na chipukizi jipya.

Siku ya harusi Mzee Nyati alianzia kwa Tembo, akapata mawaridi mawili. Kwa Kiboko alipekua majani kwa muda mrefu.

"Maua yako wapi?"

"Yanakuja, Mzee. Mmea umeshiba."

"Naona. Umeshiba mpaka umesahau kazi."

Kwa Sange alisimama langoni, Tembo na Kiboko nyuma yake. Mchanga wote ulikuwa wa zambarau, mpaka pale ulipokuwa mkungu.

"Bi Sange, ulikuwa na vibarua wangapi?"

"Wawili, Mzee. Mjomba alinikatia mti. Bwana Kiboko akaniondolea samadi ambayo ingenikuzia majani bila maua, halafu akanifukia mashina kwa miguu yake mwenyewe. Hata chai hawakuomba."

Tembo alitazama chini.

"Neno langu ni lile lile," alisema Nyati. "Shamba la Kiboko linakwenda kwa jirani. Lichukue, Bi Sange."

"Ahsante, Mzee, lakini udongo mweusi haunifai. Mimi na mlakasa ni watu wa mchanga. Mpe jirani yake wa pili, mjomba wangu."

Tembo aliinua mkonga, akautazama, kisha akaitazama pua ya Sange.

"Kweli tumefanana, mpwa wangu," alisema.

Kiboko, asiye na shamba tena, alishuka mtoni, chubwi. Yumo humo mpaka leo. Mchana akiwaona majirani, huacha macho na masikio tu juu ya maji.

Basi, wanangu, ukitaka kumharibia jirani, jua kwanza mmea wake unapenda nini, usije ukampalilia.