Mguu wa Kitoto cha Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kusengenyana kama sisi, Mtemi Nyati aliteleza korongoni. Kacha! Mguu ukavunjika. Wewe hapo nyuma, acha kucheka, ulimuuma kweli.

Akaitwa Fisi, mganga wa kuunga mifupa. Dawa yake ilikuwa hivi: anatafutwa mnyama mdogo, anavunjwa mguu, anafungwa vijiti sawasawa na mgonjwa, kisha analazwa kando yake. Siku mnyama akitembea, mgonjwa naye anainuka. Na mnyama? Huyo anakuwa wa mganga, aende naye nyumbani.

"Nataka kitoto cha pimbi," Fisi akasema, akimeza mate.

Basi Tembo, mlinzi wa Mtemi, akaenda kumchukua Siwatu, mwana pekee wa Bi Pimbi, akamtia katika tenga.

Bi Pimbi alilia njia nzima, lakini miguu yake haikusimama. "Mguu wa mwanangu hauvunjwi," alijisemea. "Hauvunjwi!" Akaingia uani kwa Mtemi na kumkuta Fisi ameshainua mchi.

"Hodi! Shikamoo, Mtemi. Pole kwa maumivu."

"Marahaba. Sema upesi, mguu unaniwaka moto."

"Sikuja kukataza dawa, baba. Nauliza tu. Mfupa wako utaunga kama utakavyounga wa mnyama, sivyo, mganga?"

"Ndivyo hasa!" Fisi akajibu.

"Lo! Basi tumekwisha! Sisi pimbi mifupa yetu mibovu mno. Marehemu mume wangu alivunjika, akalala masika mpaka masika, na hakuinuka tena. Mtemi naye alale hivyo?"

Mtemi akatoa macho. "Thubutu!"

"Basi atafutwe mwenye mifupa inayounga upesi. Sijui kama yupo hapa, maana siku hizi wote tumelegea."

Fisi hakupenda kulinganishwa na waliolegea. Akajipiga kifua, pu! "Wewe mama, hunijui? Natafuna mifupa tangu naota meno! Mwaka jana nilivunjika mguu, na kabla mwezi haujaandama nilikuwa nacheza ngoma!"

Tembo akamgeukia Fisi. Mtemi akamgeukia Fisi.

"Alaa!" Mtemi akasema polepole. "Kumbe dawa ninayo hapa hapa. Tembo, mshike. Mpokonye na huo mchi."

"Ngojeni! Ngojeni kwanza!" Meno ya Fisi yakagongana, ka-ka-ka. "Mtemi, mnyama si lazima! Mguu huunga kwa vijiti na kutulia tu!"

"Na mnyama ni wa nini?"

"Ni... ni kitoweo changu."

"Mshenzi wee! Nifunge!"

Fisi akafunga vijiti, mchi wa Tembo ukiwa juu ya kichwa chake. Bi Pimbi akamtoa mwanawe tengani, akampapasa miguu yote, mmoja mmoja, akambeba mgongoni na kwenda zake.

Mtemi alipona vizuri tu. Fisi naye, tangu siku ile, hutembea akishusha nyonga na kuchechemea kwa makusudi, asije mtu akaisifia tena mifupa yake.

Nami naishia hapo, wanangu: anayetaka mguu wa mwenzake uvunjwe, aulizwe kwanza habari za mguu wake.