Doa Usoni mwa Bi Mwasiti

Hapo zamani, si za mababu, ni hizi za juzi tu, walikuwako Kondoa ndugu wawili waliokula kwa kamera moja. Idi, mkubwa, ndiye aliyeinunua. Hatibu, mdogo, ndiye aliyepiga picha. Walipatana kwa yote isipokuwa kioo. Idi alifunga mbele ya lenzi kioo cha kinga, cha bei rahisi, vumbi lisiikwaruze. Hatibu alisema kioo kile kinazaa madoa kila lenzi ikielekea kwenye mwanga. Wakabishana mwaka mzima. Siku moja, harusini, kamera ikaanguka ngazini. Ukingo wa chuma wa kioo ukabonyea, lenzi ikapona. Tangu hapo kioo kikang'ang'ania, hakifunguki. Idi akatamba. Hatibu akabaki na kinyongo chake.

Mama yao, Bi Mwasiti, alikuwa hajapata kupigwa picha. Maisha yake yote alikataa. Alipougua akamwita Hatibu, akasema leo yuko tayari. Hatibu alitaka atolewe uani, kivulini. Dada yao Zaina, aliyekuwa akimuuguza, hakukubali: mama asisumbuliwe, aketi papo hapo kitandani, dirisha mgongoni.

Hatibu akapiga mara moja, akatazama kwenye skrini ya kamera. Doa jeupe la mwanga lilikuwa limekaa juu ya uso wa mama, toka jichoni hadi mdomoni. Kabla ya huzuni, moyoni mwake ikatangulia furaha: sasa Idi ataona.

"Nimetoka vizuri?" mama akauliza.

"Umetoka vizuri, Mama."

Angeweza kumgeuza kidogo, apige tena. Hakufanya. Alitaka kesho aje na Idi na koleo, kioo king'olewe mbele ya macho yake, ndipo apige nyingine.

Alfajiri Bi Mwasiti akafariki.

Baada ya arobaini wakaketi watatu, picha katikati. Hatibu aliwaambia doa alilikuta baadaye, picha ilipochapishwa. Zaina akalia, akasema yeye ndiye aliyemkalisha mama dirishani. Idi alikiri kioo ni chake, ila bila kioo kile lenzi ingevunjika ngazini, na siku hiyo wasingekuwa na kamera kabisa. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Ulionya, Hatibu, nikakupuuza. Nisamehe."

Naye Zaina akaomba radhi. Hatibu akawasamehe wote wawili, na wao wakamshukuru.

Haya, mliokaa kitako kunisikiliza. Mmoja alifunga kioo, mmoja alichagua dirisha, mmoja aliona akasema umetoka vizuri. Je, nani aliyeufuta uso wa Bi Mwasiti?