Sifa za Kondoo wa Mwinyi Dadi

Kisima cha mtaa kilikuwa uani kwa Mwinyi Dadi, na hakuna aliyechota maji mpaka amsifie kwanza kondoo wake dume aliyefungwa mlangoni. Bi Rukaya, mjane wa jirani, akaja na ndoo yake.

"Kondoo gani huyu! Mnene, manyoya laini, ana haiba kama bwana wake!"

Mwinyi Dadi akafumba macho kwa raha. "Endelea."

Akaendelea hivyo kutwa mara tatu. Siku ya nne kondoo akawekewa majani, akayanusa tu, akageuza kichwa. Jasho likamtoka Mwinyi Dadi.

"We mwanamke! Sifa zote hizo, mashallah hujasema hata mara moja! Umempiga kijicho!"

"Uliniamuru nisifu, Mwinyi. Mashallah hukuiagiza."

"Mtoe hapa kabla balaa halijaingia ndani! Nenda naye! Na maji chota utakavyo, ila mdomo ufumbe!"

Bi Rukaya akamkokota kondoo hadi kwake. Hakuwa na ugonjwa ila shibe. Siku zote zile, kila Mwinyi Dadi alipofumba macho kusikiliza sifa, kondoo alikuwa amezamisha kichwa kwenye ndoo ya Bi Rukaya, anakula pumba.