Vyombo Vinane na Jina Moja

Katika shauri hili, enyi mlioketi kusikiliza, yapo mambo ambayo mashahidi wote waliafikiana. Tuanze nayo, kabla hatujafika penye mabishano.

Waliafikiana kwamba kila Jumamosi watu kumi na wawili hukutana mjini Tanga, katika duka la ushonaji la Tausi Mbwambo, hutandaza kitambaa cheusi juu ya meza ya kukatia nguo, na kupigana vita vya nyota kwa vyombo vya anga vilivyochongwa kwa mti. Mchezo huo waliutunga wenyewe kwa muda wa miaka sita. Chombo husogezwa kwa kupimwa na futi ya fundi cherehani. Pigo la mzinga huamuliwa na dadu. Kila chombo kina thamani yake kwa alama, na kundi la mchezaji halipaswi kuzidi alama mia moja. Waliafikiana pia kwamba chombo kimoja kidogo, cha alama kumi, hakikuwa na jina, na kwamba kwa miezi mitatu kila aliyeleta mezani vinane vya aina hiyo alishinda.

Hata juu ya desturi hawakutofautiana: apataye thamani ya haki ya chombo ndiye hukipa jina. Mtu mmoja, jina moja. Waliwahi kuwaruhusu wawili washirikiane, kikazaliwa chombo kiitwacho Radi Tulivu, ambacho hadi leo hakuna awezaye kukitaja bila kucheka.

Mwamuzi alikuwa Bi Siwatu Kombo, karani mstaafu wa mahakama. Asubuhi ya shauri, kadi zote za mchezo, kila moja na jina na thamani ya chombo chake, zilikuwa zimeshatiwa katika bahasha ya kwenda kwa mpiga chapa, ila moja tu. Kadi hiyo ilikuwa na mstari mtupu, na bahasha ilitakiwa kuondoka adhuhuri. Likishapigwa chapa, jina halifutiki. Waliolidai walikuwa watatu.

Wa kwanza ni Hosiana Mlay, mwalimu wa hesabu, ambaye kipawa chake ni kutosahau: daftari lake lina kila mchezo uliowahi kuchezwa pale. Wa pili ni Makame Ussi, kinyozi, ambaye kipawa chake ni kuona mlango mahali wengine wanapoona ukuta. Wa tatu ni Tausi mwenyewe, mwenye meza. Huyo hucheza vibaya sana, lakini ana jicho ambalo halijapata kudanganywa na mshono.

"Aanze mwenye daftari," alisema Bi Siwatu.

"Mimi ndiye niliyeona kwamba pana kasoro," alisema Hosiana. "Ninyi mlisema ni bahati. Nikafungua daftari, michezo tisini na sita, nikaonyesha kwamba bahati haiwezi kudumu hivyo. Nikapandisha thamani kutoka kumi hadi kumi na tatu."

"Ikasaidia?"

"Haikusaidia," alikiri Hosiana. "Aliyeleta kimoja alionewa. Aliyeleta saba bado alishinda."

"Na ile kumi ya mwanzo, nani aliipanga?"

Hosiana aliinamisha macho. "Mimi. Tulikuwa na mazoea ya kupima kila chombo peke yake, kimoja kwa kimoja."

"Basi Mwalimu anadai zawadi ya kuziba tundu alilotoboa mwenyewe!" Makame alidakia.

"Zamu yako haijafika, Makame."

Ilipofika, Makame alivipanga vyombo vinane juu ya kitambaa, bawa kwa bawa. "Tazama, Bi Siwatu. Kila kimoja kinalinda mgongo wa mwenzake. Kimoja si kitu, vinane ni siafu. Nilimwambia Mwalimu atenganishe michezo: yenye kimoja kando, yenye vinane kando. Alipotenganisha, kimoja kikatoka na thamani ya kumi. Katika vinane, kila kimoja kikatoka na kumi na saba. Bila mimi angekuwa bado anachanganya mchele na chuya."

"Siri hiyo uliijua tangu lini?"

Kinyozi alikuna kidevu. "Tangu mwezi wa kwanza."

"Ukanyamaza miezi miwili?"

"Nilikuwa nashinda, bibi yangu! Nani hukata tawi alilokalia?"

Watu walicheka. Bi Siwatu hakucheka, ila aliandika kwamba shahidi amekiri bila kulazimishwa.

Ikabaki fumbo: kumi na kumi na saba zote zilikuwa kweli, na kadi ina nafasi ya thamani moja. Hapo ndipo Tausi alipoingia.

"Mie nilikuwa natia pini kwenye mkono wa gauni," alisema, "nikiwasikia hawa wanavyogombana. Nikawaambia, mbona ni kama sare ya harusi? Gauni la kwanza lanichukua saa kumi. La pili kumi na mbili. La tatu kumi na nne. Kila jipya lazima lilingane na yote yaliyotangulia."

Hosiana alikuwa ameshika kalamu papo hapo. Alijumlisha mpaka gauni la nane: mia moja thelathini na sita. Akagawanya kwa nane. Ikatoka kumi na saba kamili. Kadi ingetosha kuandikwa kumi, na kila chombo kinachoongezwa kikizidi kilichotangulia kwa mbili.

"Ulikusudia kutatua fumbo la mchezo?" aliuliza Bi Siwatu.

"La, shoga yangu. Nilikusudia wanyamaze."

"Basi hana dai," alisema Makame. "Neno lililomponyoka mtu si kazi."

"Ugonjwa mliugundua ninyi," Tausi alijibu. "Dawa ilitoka kinywani mwa nani?"

"Na nani aliyejua kwamba ni dawa?" alisema Hosiana. "Wewe uliendelea na pini zako."

Kila mmoja alikuwa na jina lake tayari. Hosiana alitaka Mizani. Hajawahi kukipa jina chombo hata kimoja katika miaka sita yote. Makame alitaka Siafu. Tausi, Sare.

"Tupige dadu," Makame alipendekeza.

"Dadu huamua bahati," alisema Bi Siwatu. "Hapa tunatafuta haki."

Alivuta kadi karibu. Kwa miaka thelathini aliandika hukumu za watu wengine, na mara nyingi alijisemea moyoni kwamba yeye angeamua vizuri zaidi. Sasa kalamu ilikuwa yake. Alimpima Hosiana peke yake, akaona thamani isiyokamilika. Alimpima Makame peke yake, akaona vivyo hivyo. Alipofika kwa Tausi alisita. Macho yake yaliangukia vile vyombo vinane, bawa kwa bawa, akatambua kwamba anapima kama walivyopima siku ile walipokosea.

Lakini mstari ulikuwa mmoja, na desturi ilikuwa desturi. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Mchukua bahasha akabisha hodi.

Ushahidi wote umeusikia, wewe uliyeketi hapa, na hakuna ulichofichwa. Aliyeligundua kosa lake mwenyewe, aliyeifichua siri aliyoificha, au aliyetoa jibu bila kujua kwamba ameulizwa? Pokea kalamu hii. Ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?